Maswali ya wasomaji: Chama cha dada wa chuo, waasisi wake na daftari lake

Barua nyingi za mwezi huu zinazunguka jambo moja: vyama vya wanafunzi wanawake. Wengine wanauliza juu ya vile vya Marekani vyenye majina ya herufi za Kigiriki. Wengine ni wahitimu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma wanaotaka kuandika historia ya vyama vyao wenyewe. Tumezijibu pamoja maana majibu yanasaidiana. Barua ndefu tumezifupisha.

Binti wa dada yangu anasoma Howard, kule Washington. Ametuma foto amevaa waridi na kijani, anasema ameingia "Alpha" na kwamba Kamala Harris ni dada yake. Nyumbani tumegawanyika: wengine wanasema ni kanisa, wengine wanasema ni likelemba ya wasomi. Ni kitu gani hasa? (Mama wa Bel-Air, Lubumbashi)

Si kanisa, Mama, wala si likelemba ya kuchangiana pesa kwa zamu, ingawa michango ipo na mfuko unaisikia. Ni chama cha wanafunzi wanawake. Wamarekani wanakiita sororiti. Msichana anaingia akiwa chuoni, anaapishwa, na uanachama hauishi siku ya kupokea diplome. Akiondoka chuoni anahamia tawi la wahitimu katika mji anakofanya kazi, na wengi hubaki humo mpaka uzeeni. Ndiyo maana mwanamke wa miaka 60 anaweza kumwita binti wa miaka 20 dada bila mtu kushangaa.

Waridi na kijani ni rangi za Alpha Kappa Alpha, chama kilichoanzia hapo hapo Howard tarehe 15 Januari 1908. Ndicho cha kwanza cha aina hiyo kuanzishwa na wanawake weusi wa Marekani. "Alpha" anayoitaja binti yenu ni tawi: tawi la kwanza linapewa herufi ya kwanza, linalofuata linaitwa Beta (hilo lilifunguliwa Chicago mwaka 1913), na kuendelea. Herufi zikiisha wanaanza kuziunganisha mbili mbili. Ukikuta jina la tawi la chama hiki linaishia na Omega, kama Xi Omega ya Washington, ujue ni la wahitimu, si la wanafunzi. Lakini angalieni mtego: Delta Sigma Theta na Zeta Phi Beta navyo vilianzia Howard, kwa hiyo navyo vina Alpha zao palepale. Mtu akisema "mimi ni wa Alpha ya Howard" bado hajasema ni wa chama gani.

Kamala Harris aliingia tawi la Alpha la Alpha Kappa Alpha mwaka 1986, mwaka ule ule aliomaliza masomo Howard, na alikuwa makamu wa rais wa Marekani kuanzia Januari 2021 hadi Januari 2025. Udada wake na binti yenu ni wa kiapo. Si yeye peke yake aliyevuma kati ya dada wa Howard. Lucy Diggs Slowe, mmoja wa waasisi, alishinda taji la kitaifa la tenisi la Wamarekani weusi mwaka 1917, na mwaka 1922 akawa mkuu wa wanafunzi wanawake wa Howard, wa kwanza kushika kazi hiyo. Mwandishi Toni Morrison, aliyemaliza Howard mwaka 1953, alipata Nobel ya fasihi mwaka 1993. Mwigizaji Phylicia Rashad alimaliza mwaka 1970, akarudi mwaka 2021 kuongoza kitivo cha sanaa. Kwa upande wa Delta, Howard ilimtoa Patricia Roberts Harris, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa balozi wa Marekani (Luxembourg, 1965) na wa kwanza kuingia baraza la mawaziri la nchi hiyo (1977).

Kuhusu hicho hicho chama: nasoma mahali pamoja kwamba waasisi ni 9, mahali pengine 16, pengine 20. Tena wapo wanaosema kilianza 1913. Nimwamini nani? (Mwalimu, Katuba)

Hakuna anayedanganya, ndugu mwalimu; kila mmoja anahesabu kitu chake. Januari 1908 walikuwa wanafunzi 9, aliyewakusanya akiwa Ethel Hedgemon. Mwezi uliofuata waliongezwa 7 wa mwaka wa pili, wakafika 16. Wanne wa mwisho waliingia kwenye hesabu kwa sababu ya ugomvi.

Mwishoni mwa 1912 wanachama 22 waliokuwa chuoni walitaka kubadili jina, nembo na mwelekeo wa chama. Nellie Quander, aliyekuwa amekwisha kumaliza masomo, alipopata habari akakataa katakata. Wale 22 wakatoka, na tarehe 13 Januari 1913 wakaanzisha Delta Sigma Theta. Wiki saba baadaye, tarehe 3 Machi, walikuwa barabarani Washington katika maandamano ya kudai kura kwa wanawake. Quander na wenzake nao hawakulala: tarehe 29 Januari 1913 Alpha Kappa Alpha ilipata hati yake ya kisheria, ili asitokee mtu mwingine wa kuifuta kwa kura ya jioni moja. Wanne waliojiunga na kusimamia hati hiyo wanahesabiwa waasisi. Basi 9, na 7, na 4.

Wanaoandika historia za vyama vya hapa wajifunze kutenga tarehe tatu: siku ya mkutano wa kwanza, siku chuo kilipokitambua chama, na siku ya hati ya serikali. Kwetu hiyo ya tatu ni utu wa kisheria wa asbl (chama kisichotafuta faida), anaoutoa Waziri wa Sheria kufuatana na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Barua ya rekta, hata ikiwa na mhuri mkubwa kama sahani, si hati hiyo. Tumeona vijitabu vinavyoandika "chama kiliandikishwa 1983" na ukiuliza karatasi unaonyeshwa ruhusa ya kutumia ukumbi.

Jina la chuo nalo lina tarehe zake. Chuo cha Elisabethville kiliundwa kwa dekreti ya 1955, kikafungua milango 1956. Mji wenyewe ukapewa jina la Lubumbashi 1966. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa Université Nationale du Zaïre, na hapa ikawa kampasi ya Lubumbashi. Université de Lubumbashi, UNILU tunayoijua, inajitegemea tangu 1981. Kwa hiyo dada wa 1965 alisoma Elisabethville, wa 1975 alisoma UNAZA, wa 1985 ndiye wa UNILU. Andika jina la wakati ule, na mwanzoni mwa kitabu eleza mara moja tu kwamba ni chuo kile kile.

Sisi ni wahitimu tuliokaa pamoja kwenye home (bweni) ya mabinti, kampasi ya Kasapa. Chama chetu cha kusaidiana kilianza miaka ya 1970. Tunataka kijitabu cha historia yake na cha wanawake wake waliofika mbali. Tumekwisha kuandika majina 12 ya wakubwa. Tufanye nini baada ya hapo? (Kamati ya wahitimu, Lubumbashi)

Hayo majina 12 yawekeni kando kwanza. Orodha ya wakubwa inayotangulia daftari la wanachama ndiyo inayozaa ugomvi, kwa sababu kila aliyeachwa ataamini ameachwa kwa makusudi, na nyinyi hamtakuwa na karatasi ya kumjibu.

Anzeni na daftari. Mwanamke mmoja, mstari mmoja, namba moja ambayo haitapewa mtu mwingine hata mstari ukifutwa. Nguzo za daftari ziwe hizi: jina alilojiandikisha nalo chuoni, jina la baada ya 1972, jina la ndoa, jina analoitwa na watu, namba ya matrikule (ya kuandikishwa chuoni), fakulte na promosyoni, yaani mwaka wa masomo wenye namba mbili, 1976–1977, si "76", mwaka alioingia chama, kazi aliyofanya kwenye kamati, ushahidi, na kama amekubali jina lake lichapwe. Nguzo ya ushahidi ndiyo inayobeba zote. Andikeni humo karatasi yenyewe: "kadi ya mwanachama, iko kwake", "pevee (muhtasari) ya mkutano wa Novemba 1977, ukurasa wa 2", "foto ya sherehe, majina yameandikwa nyuma". Mstari usio na ushahidi haufutwi, unawekewa alama ya kuuliza.

Sasa majina, maana hapo ndipo daftari nyingi zinavunjika. Mwaka 1972 sera ya uhalisi wa Kizaire iliondoa majina ya ubatizo. Mwanafunzi aliyeandikwa Marie-Jeanne Oktoba 1971 alifanya mitihani ya mwisho na jina lingine kabisa, na baada ya 1990 wengine walirudia lile la kwanza. Mkihesabu karatasi bila kujua hilo, mtapata wanawake watatu pale alipo mmoja. Mfano ulio wazi kwa kila mtu ni Sophie Kanza, waziri wa kwanza mwanamke wa nchi yetu: karatasi za wakati wa masomo yake zinasema Sophie Kanza, baada ya ndoa anaonekana kama Sophie Lihau-Kanza, na wakati wa Zaire ni Zala Lusibu N'Kanza. Mtu asiyejua angempa mistari mitatu.

Kosa la pili ni kinyume chake, kuwafanya wanawake wawili kuwa mmoja. Ngoie, Ngoy na Ngoyi vinaweza kuwa mkono wa makarani watatu kwa mtu yule yule, na vinaweza kuwa watu watatu kweli. Mbuyi na Kabanga zipo kila mahali palipozaliwa mapacha. Kanuni inayofaa: msiunganishe mistari miwili mpaka vitu viwili vilingane mbali na jina, kwa mfano matrikule na mwaka wa kuzaliwa, au fakulte na mahali alipozaliwa. Matrikule peke yake haitoshi kama imenakiliwa kwa mkono, maana 1 na 7 za karani wa zamani zinafanana mno.

Diplome nazo ziandikwe pamoja na mwaka. Katika mfumo wa zamani graduat ilikuwa miaka 3 na licence miaka 2 juu yake. Katika LMD, mfumo mpya wa licence, master na doctorat, iliyoenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021–2022, licence ni miaka 3. Mkiandika "ana licence" bila mwaka, msomaji kijana atapunguza miaka 2 ya jasho la mama yake.

Kwa waliopotea, tafuteni kulingana na historia ya mji. Promosyoni za karibu na Mei 1990 zilitawanyika baada ya shambulio la usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 kwenye kampasi, na wengine walimalizia masomo kwingine. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi za Kasai zilifukuzwa Katanga. Dada wa miaka hiyo watafuteni Mbujimayi na Kananga kabla ya kuandika kwamba hawajulikani waliko. Mwanamke mmoja wa kila promosyoni apewe wanafunzi wa promosyoni yake tu. Kuwatuma watu wote kutafuta watu wote kunaleta majina yale yale kumi ya wenye simu zinazopatikana.

Daftari likishafika mahali pa kueleweka, rudieni yale majina 12. Yawezekana mkakuta wawili hawakuwa wanachama. Walikuwa marafiki wa home.

Makaratasi ya chama chetu yaliungua lava ilipoingia mjini Januari 2002. Hatuna pevee, hatuna orodha. Je, historia imekufa? (Msomaji, Goma)

Hapana. Karatasi za chama ziliungua, lakini wanachama walikuwa na karatasi zao, na nyingi zilikuwa nje ya njia ya lava. Ombeni kwa kila mmoja vitu vitano kwa majina yake: kadi ya mwanafunzi, risiti za malipo ya chuo, barua za mwaliko, programu za sherehe, na foto. Kisha nendeni mahali ambapo watu hawakumbuki kwenda: ukurasa wa shukrani wa kazi za mwisho wa masomo. Kwenye TFC na memwari, mwanafunzi hushukuru Mungu, wazazi, profesa, kisha "dada zangu wa chama" kwa majina kumi au kumi na tano, pamoja na mwaka kwenye jalada. Ni orodha ya wanachama iliyotunzwa bure na maktaba ya fakulte. Pigeni foto ukurasa wa jalada na ukurasa wa shukrani, vyote viwili. Mmoja bila mwenzake hauna tarehe.

Ndugu wa Goma, nakala zenu mpya zisikae Goma peke yake. Moja ikae mjini, ya pili kwenye diski nyingine, ya tatu kwa mwanachama anayeishi mbali, Kisangani au Kampala, popote ambapo mlima hauoni.

Kamati yetu imekwama kwenye sura ya "wanawake waliofika mbali". Mmoja anataka mke wa gavana aingie, kwa kuwa alitusaidia. Mwingine anasema awe mwenye udaktari tu. Mnashauri nini? (Katibu wa chama, Bukavu)

Tengeni kwanza aliyeapishwa na aliyepewa heshima. Vyama vya Marekani vina ngazi ya mwanachama wa heshima, na historia zao zinaisema wazi. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani (Septemba 1992), ni wa Alpha Kappa Alpha kwa heshima. Hakuingia akiwa mwanafunzi wa Stanford. Eleanor Roosevelt hali kadhalika. Hakuna aibu yoyote, ila tawi la chuo haliwezi kujivuna kwamba lilimlea. Mke wa gavana aliyesaidia anastahili ukurasa wa wafadhili. Akiwekwa kati ya wahitimu, msomaji anayemfahamu atakifunga kijitabu hapo hapo.

Tengeni pia "alisoma" na "alihitimu". Zora Neale Hurston alisoma Howard na ni wa Zeta Phi Beta, lakini digrii yake ya bachelor aliipata Barnard, New York, mwaka 1928. Sentensi moja yenye vyuo viwili inatosha.

Neno "wa kwanza" lipewe mipaka yake kila linapoandikwa. Sadie Alexander, rais wa kwanza wa kitaifa wa Delta, hakuwa "mwanamke mweusi wa kwanza mwenye udaktari", kama inavyonakiliwa ovyo. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata udaktari wa uchumi, mwaka 1921, Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Mwaka ule ule wanawake weusi wengine wawili walipata udaktari katika masomo mengine. Kwetu, Sophie Kanza ni Mkongomani wa kwanza mwanamke kumaliza chuo kikuu, Lovanium, 1964, na waziri mwanamke wa kwanza, 1966. Angalieni kila dai lilivyofungwa: wa kwanza kati ya nani, katika kitu gani, wapi, lini. Dai lisilojibu maswali hayo manne lipunguzwe mpaka liwe "miongoni mwa wa kwanza", au litolewe.

Kuhusu udaktari: kipimo hicho ni chembamba mno. Mwanamke aliyeongoza shule ya sekondari kijijini miaka 25, au mkunga aliyefungua kituo cha afya, amefika mbali kuliko wengi wenye vyeo vya miezi minane. Wekeni masharti mawili tu, kazi inayoweza kuthibitishwa na muda wa kazi hiyo, kisha muandike wasifu wa maneno 120 hadi 150 kwa kila mmoja, urefu uleule kwa wote. Maneno yanapopishana, wasomaji hupima vyeo kwa sentimeta.

Kila mwenye wasifu, au familia yake kama amefariki, ausome na kusaini kabla ya kuchapwa. Anwani na simu zisiingie kitabuni kamwe. Na kama mwanachama hataki jina lake litokee, kwa sababu yake mwenyewe, namba yake inabaki daftarini na jina linakaa kimya.

Tuna albamu ya miaka ya 1980, zile zenye kurasa za gundi na plastiki juu. Foto zimeng'ang'ania na zinageuka manjano. Nyingine imeshikana na kioo cha fremu. Tuzing'oe? (Mama, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Msing'oe kwa kucha, Mama. Gundi ile ndiyo inayoharibu foto, lakini foto ikipinda uso wake unapasuka na hautarudi. Kwanza skani au piga foto ukurasa mzima kama ulivyo, ili mpangilio usipotee. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, upitishe chini ya kona moja, na uusogeze taratibu kama msumeno, ukilaza uzi karibu na ukurasa na si karibu na foto. Ikigoma, acha. Foto inayogoma inaskaniwa ikiwa ndani ya albamu.

Iliyoshikana na kioo isiguswe kabisa. Toa fremu, iskani pamoja na kioo chake; kama huna skaneri, ipige kwa simu karibu na dirisha, taa ya simu imezimwa, simu ikiinama kidogo hadi mwako utoke.

Foto ziskaniwe kwa dpi 600, karatasi za maandishi 300 zinatosha. Jina la faili lianze na mwaka: 1984-05_sherehe_01. Usipojua mwezi andika mwaka na sifuri mbili. Nyuma ya foto andika kwa penseli laini, pembeni, kamwe si biki, maana biki inachimba na wino wake unatokea mbele. Skochi, agrafu na plastiki ya kuyeyusha kwa joto viwe marufuku. Agrafu zinapata kutu, skochi inaacha doa, na karatasi iliyokwisha kupitishwa plastiki haitoki tena.

Mkitumiana foto kwa WhatsApp, zitumeni kama dokima (document), si kama foto. Zikitumwa kama foto zinapunguzwa, na mwisho wa safari mnapata sura nzuri kwenye simu na matope kwenye karatasi. Hili ndilo linaloharibu vijitabu vingi kuliko mchwa.

Na mchwa, kwa kuwa tuko Katanga: sanduku lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta, liweke juu ya mbao au matofali, sentimeta 15 angalau. Ukikuta wadudu wadogo wa karatasi, funga karatasi ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika muda mrefu, anza kuhesabu upya. Ukitoa, acha mfuko umefungwa saa 24 ili jasho likae nje ya plastiki. Foto zenye kioo zisiingie humo. Kama paa limevuja wakati wa mvua, una siku mbili kabla ya ukungu: tandaza karatasi moja moja, weka karatasi ya kunyonya katikati, fungua madirisha, na feni isielekezwe juu yake.

Waasisi wetu wawili wako hai, wana zaidi ya miaka 75. Tuwarekodi vipi? (Mhitimu, Kampemba)

Haraka, na asubuhi. Dakika 60 zinatosha kwa kikao kimoja, 90 ni mwisho. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa, nusu mita na mdomo. Friji na redio vizimwe. Mwanzoni kabisa sema tarehe, mahali, jina lake na lako, kisha umwombe akubali kwa sauti. Mpe Mama foto mkononi na umwulize mtu mmoja mmoja aliyemo. Swali la "tueleze historia ya chama" huleta hotuba, foto huleta majina. Akisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, mwandike hivyo hivyo. Tarehe anazotaja zipimeni kwa kitu kikubwa: ilikuwa kabla au baada ya majina kubadilishwa, kabla au baada ya mwanawe wa kwanza? Wazee hukosea mwaka, mara chache hukosea mpangilio.

Binti yangu na wenzake, ma-plume (mabinti wa chuo) wa mwaka wa pili, wanataka kufungua tawi la Alpha Kappa Alpha hapa UNILU na wamekwisha kushona vitambaa. Inawezekana? Na kule Marekani kuna bleusaille (mapokezi ya wageni) ya kupigwa? (Baba, Ruashi)

Vitambaa viwekwe kwanza, Baba. Jina na nembo ni mali ya chama kisheria, na tawi hufunguliwa kwa kibali cha makao yake makuu yaliyoko Chicago, si kwa wanafunzi kukubaliana. Matawi ya vyama hivi barani Afrika yapo tangu zamani. Zeta Phi Beta ilifungua lake Liberia mwaka 1948. Lakini yote yalifuata njia hiyo.

Kupiga na kudhalilisha wageni kumekatazwa na vyama vyote vikubwa vya Wamarekani weusi, na mwaka 1990 vilibadilisha utaratibu mzima wa kupokea wanachama kwa sababu hiyo. Kuna wanaoendelea kwa siri, na tawi likikamatwa linafungwa kwa miaka. Mabinti waanzishe chao, kwa jina lao, bila bleusaille ya namna hiyo. Mkutano wa kwanza waandike pevee: tarehe, mahali, majina kamili ya waliokuwapo na matrikule zao, sahihi ya kila mmoja. Nakala mbili, moja kwa katibu, moja nje ya home.